Bugsy Siegel, jambazi aliyeifanya Nevada iulize mwenye meza ni nani

Kuna filamu ya mwaka 1991 inaitwa Bugsy, Warren Beatty ndiye aliyeigiza, na kila nikikaa na vijana pale kwenye mashine nakuta kuna mmoja ameiona na anaamini kabisa kwamba Las Vegas ilizaliwa siku jamaa mmoja mtanashati aliposhuka kwenye gari katikati ya jangwa, akatazama mchanga, akaota hoteli. Filamu ni nzuri, siikatai. Lakini imemficha mtu mwenyewe, na imeificha kabisa ile sehemu ya maisha yake ambayo mimi naona ndiyo yenye faida kwetu sisi ambao siku hizi kila kona ya mtaa ina duka la kubeti. Sehemu hiyo ni karatasi iliyobandikwa ukutani, yaani leseni. Nani anaipata, nani anaitoa, na anayeitoa anauliza nini kabla ya kugonga muhuri. Siegel alikufa mwaka 1947, lakini sheria za kasino za Marekani, mpaka hizi za kasino za makabila ya wenyeji wa asili, ziliandikwa na watu waliokuwa wanamwogopa yeye na wenzake. Ngoja nisimulie taratibu.

Jina alilopewa na wazazi ni Benjamin Siegel. Alizaliwa tarehe 28 Februari 1906 Brooklyn, New York, kwenye familia maskini ya Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya ya Mashariki. Hilo la Bugsy ni jina la mtaani, maana yake ni kama kusema mtu ana kichaa kinachopanda na kushuka, na yeye alilichukia kupita kiasi. Waliotaka amani walimwita Ben. Biashara yake ya kwanza, kama inavyosimuliwa, aliianza akiwa bado kijana mdogo pamoja na mwenzake anayeitwa Moe Sedway (lishikeni hili jina, litarudi). Walikuwa wanawaendea wachuuzi wa mikokoteni wa upande wa Lower East Side na kudai dola moja. Anayetoa anaendelea kuuza. Asiyetoa anarudi kukuta bidhaa zake zimemwagiwa mafuta ya taa na kiberiti kimewashwa. Ukiangalia vizuri, hiyo nayo ni leseni ya aina yake: unalipa ada ndipo unaruhusiwa kufanya biashara. Ila aliyeitoa alikuwa mtoto wa mtaani, na hapakuwa na ofisi ya kwenda kulalamika.

Mwenzake mwingine alikuwa Meyer Lansky, mzaliwa wa Grodno, mji ambao leo uko Belarus. Lansky mfupi, mkimya, kichwa cha hesabu. Siegel mrefu, sura nzuri, hasira karibu, mkono mwepesi. Wakawa chanda na pete mpaka mwisho, au karibu na mwisho. Marekani ilipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, hawa wawili walikuwa na genge lao la kusafirisha na kulinda mizigo ya pombe haramu, na hela waliyoipata ilikuwa ya kutisha kwa vijana wa umri ule. Siegel alioa mwaka 1929, mke wake Esta Krakower, wakapata mabinti wawili. Na mwezi Aprili 1931, Joe Masseria, bosi mkubwa wa mafia ya New York, alipopigwa risasi kwenye mgahawa wa Coney Island, Siegel anatajwa kuwa mmoja wa waliofyatua. Hakushtakiwa. Hilo mtalizoea.

Sasa tuhame kidogo, twende magharibi kabisa mwa nchi hiyo, kwa sababu mwezi mmoja tu kabla ya Masseria kuuawa kulitokea jambo ambalo Siegel hakulijua lakini lilikuwa linamsubiri. Jimbo la Nevada, jangwa na migodi iliyochoka, lenye watu kama 91,000 tu jimbo zima kwa sensa ya 1930, lilikuwa limebanwa na mdororo wa uchumi. Tarehe 19 Machi 1931 Gavana Fred Balzar akasaini sheria ya kuruhusu kamari waziwazi. Si kwamba watu walikuwa hawachezi. Walikuwa wanacheza vyumba vya nyuma tangu ilipokatazwa karibu 1910, na polisi wanajua. Sheria ilichofanya ni kuitoa kamari sebuleni ili ilipe ada. Leseni ilitolewa kwenye kaunti, sherifu anapokea pesa, hesabu inakwenda kwa idadi ya meza na mashine. Una meza ngapi? Mashine ngapi? Lipa, cheza. Swali la wewe ni nani na mtaji umeutoa wapi halikuwa na uzito. Na kwa kweli mwaka ule halikuonekana la maana, kwa sababu wenye vilabu wengi walikuwa watu wa palepale, wanajulikana kwa majina mpaka kwa shangazi zao.

Rudi kwa jamaa yetu. Katikati ya miaka ya 1930 alihamia California, Los Angeles. Huko ndiko alikokuwa yule mnayemwona kwenye filamu: suti, nyumba kubwa, urafiki na waigizaji kama George Raft, mialiko ya Hollywood. Lakini kazi ilikuwa ileile, na kazi yenyewe ilikuwa kutafuta mahali ambapo sheria inaishia. California ilikataza kasino. Sasa watu wakaona, kwani sheria ya California inafika wapi? Wakatia nanga meli za kamari baharini, umbali waliodhani ni nje ya mpaka wa jimbo, na wateja wakapelekwa kwa boti usiku. Meli iliyovuma zaidi ilikuwa Rex ya Tony Cornero, ilifunguliwa 1938 karibu na Santa Monica, na inasemekana Siegel alikuwa na kipande chake humo. Mwaka 1939 mwanasheria mkuu wa California, Earl Warren, huyuhuyu aliyekuja kuwa jaji mkuu wa Marekani, alituma maafisa wake kwa boti kwenda kuzifunga. Watu wa Rex wakawapiga maji ya mipira ya kuzimia moto, siku kadhaa hawakuweza kupanda. Mimi huwa nacheka nikifikiria hilo tukio, lakini ndani yake kuna ishu yenyewe: mstari wa mpaka umechorwa wapi, na upande wa pili wa mstari nani ana mamlaka. Mtaiona tena mbele, na safari hiyo si kwa majambazi.

Mwaka huohuo wa 1939, mwezi Novemba, Harry Greenberg, mtu wa magenge aliyehofiwa kwamba ataongea na polisi, aliuawa Los Angeles. Siegel akakamatwa na kuwekwa mahabusu, ambako aliishi kama mgeni hotelini, maana kila mara alitolewa nje kwa visingizio vya daktari wa meno. Shahidi tegemeo wa upande wa mashtaka alikuwa Abe Reles, muuaji wa kukodiwa aliyegeuka na kuanza kutaja wenzake. Novemba 1941 Reles akaanguka kutoka dirisha la hoteli Coney Island, akafa, wakati chumba kinalindwa na askari. Kesi ya Siegel ikafa naye, akaachiwa 1942. Naomba msimchukulie kuwa shujaa, hata kama filamu imempaka mafuta. Huyu alikuwa mtu ambaye mashahidi wake waliruka madirisha.

Haya, sasa Las Vegas. Wa kwanza kutangulia huko alikuwa yule Moe Sedway niliyewaambia mumshike. Mwaka 1941 Nevada iliruhusu maduka ya kubeti mbio za farasi zinazokimbiwa majimbo mengine. Wewe unayechora mkeka wako kwenye simu unapata matokeo hapohapo, lakini enzi zile matokeo yalikuja kwa waya, na asiye na waya hana biashara, kwa sababu mteja anayejua matokeo kabla yako atakumaliza. Sedway, kwa niaba ya Siegel, akaukamata waya. Mwenye duka mwenye leseni ukutani alibaki na jina, lakini kila wiki alikuwa anapeleka fungu kwa mtu ambaye jina lake halikuwa ukutani. Mimi naona hapa ndipo Siegel alipoielewa Nevada kuliko Wanevada wenyewe. Jimbo lilikuwa linatazama meza. Yeye alikuwa anatazama kile kinachoilisha meza.

Mwaka 1945 yeye, Lansky, Sedway, Gus Greenbaum na wengine walinunua hoteli ya El Cortez katikati ya mji kwa dola 600,000, na mwaka uliofuata wakaiuza kwa faida ya zaidi ya dola 160,000. Faida hiyo ikawa sehemu ya mtaji wa kitu kikubwa zaidi.

Naomba hapa tuipindue kidogo filamu. Flamingo haikuwa wazo la Siegel. Barabara ile ya jangwani ilikuwa tayari na El Rancho Vegas tangu 1941 na Last Frontier tangu 1942. Na Flamingo yenyewe, mpaka jina, ilianzishwa na Billy Wilkerson, mwenye gazeti la The Hollywood Reporter, mcheza kamari wa kupindukia ambaye alidhani dawa ya kupoteza pesa kwenye kasino ni kuwa na kasino. Hela zikamwishia jengo likiwa halijakamilika. Siegel na wenzake wakaingia kama wabia, na taratibu wakamsukuma nje, tena kwa vitisho. Kiwanja kilikuwa nje ya mipaka ya mji, kwa hiyo mkono wa halmashauri na kodi zake haukufika. Vita ilikuwa imeisha juzi tu, saruji, mabomba na chuma ni adimu, na ofisi ya serikali ya Washington iliyokuwa inagawa vifaa ilijaribu kuusimamisha ujenzi mwaka 1946. Ujenzi ukaendelea. Siegel hakujua lolote la ujenzi: anabomoa kuta zilizokwisha simama, anataka kila chumba kiwe na bomba lake la maji machafu, analipa bei ya ulanguzi. Kuna simulizi kwamba mali iliyoshushwa mchana ilikuwa inaibwa usiku na kuuzwa kwake tena kesho yake. Kazi iliyokisiwa kwa dola milioni 1 na ushee ikamalizika karibu na milioni 6. Hela hizo nyingi zilikuwa za watu wa New York, Chicago na kwingineko ambao hawakuwa na desturi ya kupeleka madai yao mahakamani.

Ilifunguliwa tarehe 26 Desemba 1946. Jimmy Durante alichekesha, bendi ya Xavier Cugat ikapiga, hali ya hewa ikawaangusha, na waalikwa wengi wa Hollywood hawakufika. Vyumba vilikuwa bado. Kwa hiyo mtu akishinda mezani anachukua chake anakwenda kulala El Rancho, na kesho anakichezea hukohuko. Kwa mwenye kasino hakuna msiba zaidi ya huo. Wiki chache wakawa wamepoteza mamia ya maelfu ya dola, wakafunga mwishoni mwa Januari, wakafungua tena Machi 1947, na kufikia masika Flamingo ikaanza kuingiza faida. Siegel alikuwa anazunguka na kitabu cha hesabu mkononi. Hasira zake, ugomvi na rafiki yake Virginia Hill, uvumi kwamba fungu la pesa za ujenzi limepelekwa Uswisi, vyote vilikuwa vinazungumzwa na watu wasiofaa.

Usiku wa tarehe 20 Juni 1947 alikuwa amekaa kwenye kochi kwenye nyumba aliyopanga Virginia Hill, Linden Drive, Beverly Hills. Hill alikuwa Ulaya. Rafiki yake Allen Smiley amekaa pembeni yake. Mtu aliyesimama nje kwenye giza akampiga risasi kupitia dirishani kwa bunduki ya kijeshi. Akafa palepale, umri miaka 41. Mpaka leo hakuna aliyeshtakiwa. Mazishini walifika ndugu wachache tu, Hollywood ikabaki nyumbani.

Sasa sikilizeni hii, kwa sababu kwangu mimi ndiyo kiini cha maisha yote ya Siegel kuliko hiyo risasi. Usiku uleule, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapo, Moe Sedway, Gus Greenbaum na Morris Rosen waliingia Flamingo na kutangaza kwamba sasa wao ndio wasimamizi. Basi. Kasino nzima ilibadilisha mikono kama mtu anavyomwachia mwenzake ufunguo wa kibanda cha chipsi. Nani aliwapa? Waliuziwa? Warithi wako wapi? Usiku ule hakuna aliyesubiri kibali cha mtu. Na meza hazikusimama.

Nevada ikapata aibu. Magazeti ya nchi nzima yalikuwa na picha ya maiti kwenye kochi la maua na jina la hoteli ya Nevada chini yake. Tangu 1945 jimbo lilikuwa limeanza kutoa leseni lenyewe kupitia Tume ya Kodi, na kutoza asilimia 1 ya mapato ghafi ya kamari. Lakini tazama hilo jina: Tume ya Kodi. Kazi ya mtu wa kodi ni kuuliza shilingi ngapi. Baadaye mwaka huohuo wa 1947 mwanasheria mkuu wa jimbo, Alan Bible, akatoa ushauri wa kisheria kwamba tume hiyo inayo mamlaka ya kumnyima mtu leseni kwa sababu ya tabia na historia yake. Unaweza kuona ni jambo dogo. Ni mapinduzi. Kuanzia hapo swali likageuka kutoka una meza ngapi kuwa wewe ni nani. Mwaka 1949 bunge la jimbo likaliweka kwenye sheria, pamoja na wafanyakazi wa kasino kuchukuliwa alama za vidole.

Msidhani walifanya hivyo kwa uchaji Mungu. Walikuwa wanaiogopa Washington. Novemba 1950 Seneta Estes Kefauver na kamati yake ya kuchunguza magenge walitua Las Vegas, na mmoja wa waliohojiwa alikuwa, mmemjua, Moe Sedway. Nevada ikaona kwamba isiposafisha nyumba yake, serikali kuu itakuja na ufagio wake na labda itaibomoa nyumba. Hapo ndipo ikazaliwa Bodi ya Udhibiti wa Michezo ya Kubahatisha mwaka 1955, halafu mwaka 1959, chini ya Gavana Grant Sawyer, ikaundwa Tume iliyo juu ya bodi. Bodi inachunguza na kupendekeza, Tume inaamua. Mwaka 1960 wakatoa orodha nyeusi yenye majina 11 ya watu wasioruhusiwa kukanyaga kasino yoyote ya jimbo, wawe wamekuja kucheza au kunywa maji.

Je, ilifanya kazi? Polepole sana. Flamingo hiyohiyo, kati ya 1960 na 1967, ilichotwa kama dola milioni 36 zilizotolewa chumba cha kuhesabia kabla hazijaandikwa, na Meyer Lansky akashtakiwa kwa hilo katika miaka ya 1970. Kesi yake iliachwa kwa sababu ya afya. Alifia Miami Beach mwaka 1983, kitandani, mzee. Rafiki yake wa utotoni alikuwa kaburini zaidi ya miaka 35. Kwa hiyo anayekwambia kwamba leseni peke yake inafukuza wezi, mwambie asome habari za Flamingo. Kilichosaidia ni uchunguzi usiochoka, na makampuni ya hisa ambayo yana wakaguzi, yaliyoruhusiwa mwishoni mwa miaka ya 1960.

Huko Florida, Lansky alikuwa na historia nyingine. Katika miaka ya 1940 alikuwa na vilabu vya kamari haramu kwenye kaunti ya Broward, kikiwemo Colonial Inn cha Hallandale, na sherifu wa kaunti alikuwa anatazama pembeni. Katika kaunti hiyohiyo, mwezi Desemba 1979, kabila la Seminole, wenyeji wa asili ambao sinema zilituzoesha vibaya kuwaita Wahindi Wekundu, walifungua ukumbi wa bingo ya zawadi kubwa kwenye ardhi yao ya Hollywood, Florida. Safari hii sherifu hakutazama pembeni. Alitaka kuwafunga. Kabila likaenda mahakamani na mwaka 1981 likashinda kwenye mahakama ya rufaa: ardhi ya kabila si kaunti tu kama kaunti nyingine, kabila ni serikali, na kanuni za jimbo kuhusu bingo hazivuki mpaka wake.

Mnaukumbuka ule mstari wa baharini wa meli ya Rex? Huu ni mstari mwingine, na tofauti yake ni kubwa mno. Cornero na Siegel waliukimbilia mpaka ili wasiwe chini ya serikali yoyote. Waseminole walikuwa na serikali yao kabla Florida haijawa jimbo. Lakini majimbo hayakutaka kuiona hiyo tofauti. Kesi kubwa ikatoka California, jimbo lilelile la Siegel: makabila ya Cabazon na Morongo, jirani na Palm Springs. Cabazon walikuwa wanachama kama 25 tu, hawana mafuta wala msitu, wana bingo na chumba cha karata. California ikaja na hoja kwamba isiposimamia yenyewe, magenge ya uhalifu yataingia. Yaani mzimu wa Siegel ukaitwa kutoa ushahidi. Tarehe 25 Februari 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa majaji 6 dhidi ya 3: jimbo ambalo lenyewe linaendesha bahati nasibu na kuruhusu bingo haliwezi kusema kamari ni uhalifu, hiyo ni shughuli inayodhibitiwa tu, na udhibiti wa ndani ya ardhi ya kabila ni wa kabila. Hofu ya magenge peke yake haikutosha, maana hawakuonyesha kwamba yameshaingia.

Hapa mimi nina neno. Ni kichekesho kichungu kwamba watu waliobebeshwa dhambi ya Siegel ni wale ambao hawakuwahi kumpa meza. Aliyempa nafasi ni jimbo, kwa sheria ya jimbo, kwa ada ya jimbo. Lakini nisiwadanganye kwamba hofu ilikuwa hewa tupu. Mwaka 1993 baadhi ya wakubwa wa genge la Chicago walitiwa hatiani kwa mpango wa kuingia kwenye kamari ya kabila la Rincon, kaunti ya San Diego. Mbwa mwitu hawaulizi zizi ni la nani.

Ndiyo maana bunge la Marekani lilipotunga sheria ya kamari za makabila, iliyosainiwa na Rais Ronald Reagan tarehe 17 Oktoba 1988, liliandika kabisa kwamba lengo mojawapo ni kuyakinga makabila dhidi ya magenge. Na ukisoma vipengele vyake unaona Flamingo kila mahali. Mwenye kasino awe kabila lenyewe, si mtu wa nyuma ya pazia. Mgeni akija kuendesha, mkataba wake uidhinishwe na tume ya taifa, kwa kawaida usizidi miaka 5 na fungu lake lisizidi asilimia 30 ya faida. Mapato yaende kwenye shughuli za serikali ya kabila na ustawi wa watu wake. Michezo ya jadi inabaki ya kabila kabisa, bingo inasimamiwa na kabila pamoja na tume ya taifa, na kamari nzito za kasino zinahitaji mkataba kati ya kabila na jimbo. Jimbo likagoma kukaa mezani je? Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ilisema kabila haliwezi kulishtaki jimbo kwa hilo kama jimbo lenyewe halijakubali kushtakiwa, na waliopoteza kesi hiyo walikuwa Waseminole walewale. Kwa hiyo mamlaka iliyoingia kwa mlango wa mbele 1987 ilipunguzwa kwa mlango wa nyuma. Hata hivyo mwaka 2023 kasino za makabila ziliingiza dola bilioni 41.9 baada ya kulipa washindi, wakati Nevada nzima ilipata kama bilioni 15.5.

Jengo la mwisho la enzi za Siegel lilibomolewa Flamingo mwaka 1993. Kimebaki kibao cha kumbukumbu bustanini, watalii wanapiga nacho picha. Na barabara pana inayopita kando ya hoteli hiyo inaitwa Flamingo Road.

Ukiifuata barabara hiyo kuelekea magharibi unafika kwenye kasino ya Palms. Mwaka 2021 ilinunuliwa kwa dola milioni 650 na kabila la San Manuel, watu wa milima ya San Bernardino, mji ambao barabara ya zamani ya kutoka Los Angeles kwenda Las Vegas ilipita. Kabila hili lina bingo tangu 1986, lina serikali yake, lina tume yake ya kudhibiti kamari nyumbani. Lakini Palms iko kwenye ardhi ya Nevada. Kwa hiyo viongozi wake walijaza fomu, wakachunguzwa, wakaenda mbele ya Bodi na baadaye mbele ya Tume kujibu wao ni nani na hela imetoka wapi. Leseni ilipitishwa Desemba 2021, na Aprili 2022 milango ikafunguliwa.